Nani Analipa Stima ya Maktaba ya Mtaa?

Ukitaka kuua maktaba ya mtaa, huna haja ya kuifunga. Ukiifunga utasikia kelele. Wazazi watalalamika, wanafunzi watapiga picha mlango uliotiwa kufuli, na kabla ya jioni habari itakuwa imesambaa kwa kila simu. Njia rahisi ni kuiacha wazi kisha usiipe pesa. Mwaka wa kwanza hakuna vitabu vipya. Mwaka wa pili intaneti inakatwa. Halafu mkutubi anastaafu na hakuna anayeajiriwa mahali pake, kwa hivyo mlango unafungwa saa kumi, saa ambayo wanafunzi ndio kwanza wanatoka shule. Tokeni za stima zikiisha, watu wanasomea karibu na dirisha. Baada ya miaka mitano anakuja afisa na daftari, anahesabu waliomo, anaona ni wachache, na anaandika ripoti kwamba vijana wa siku hizi hawasomi.

Hiyo ripoti ndiyo inayotuudhi. Vijana wanasoma, tena sana. Wanasomea kwenye ngazi za ploti, ndani ya matatu, nyuma ya kaunta ya duka la M-Pesa wakingoja mteja. Kama umekulia chumba kimoja na ndugu wanne unajua hali ilivyo. Baba amerudi kazini anataka kusikia taarifa ya habari, mtoto analia, jirani amefungulia spika hadi ukuta unatetemeka, na wewe saa mbili usiku una insha ya Kiswahili ya kuwasilisha kesho asubuhi. Kwa mtu kama huyo maktaba si mahali pa kuazima riwaya tu. Ni meza, kiti, taa, choo safi na utulivu. Hivyo vitu vitano nyumbani hakuna, na mtaani vinauzwa.

Na hata ukishamaliza shule bado unaihitaji. Siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Fomu ya HELB, kuchagua kozi kupitia KUCCPS, cheti cha tabia njema kwenye eCitizen, hata kuiambia KRA kila mwaka kwamba hukupata hata shilingi, yote yanataka kompyuta na intaneti iliyotulia. Mwenye saiba anakutoza kwa dakika au kwa ukurasa. Hatumlaumu, naye ana kodi ya duka ya kulipa. Lakini mtu asiye na kazi akilazimika kulipa ili aombe kazi, kuna mahali tumekosea.

Sasa, jukumu hili ni la nani? Wengi wakiulizwa watasema ni la Wizara ya Elimu. Siyo. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, kipengele cha 4. Hapo zimeorodheshwa kazi za serikali za kaunti kuhusu utamaduni, burudani na huduma za umma. Orodha inaanza na kamari na kasino, inafuata na mashindano ya mbio, leseni za pombe, sinema, maonyesho ya video, halafu ndipo inafika maktaba, nambari sita. Baada yake kuna makavazi, michezo, bustani na fuo. Kwa hivyo kisheria maktaba ya mtaa wako ni ya gavana wako na bunge la kaunti yako, na imewekwa kikapu kimoja na baa na kamari. Utakuja kuona kwa nini tunataja jambo hili.

Kabla ya ugatuzi mambo yalikuwa tofauti. Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, ile tunayoiita knls, iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, na kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba mzigo wa maktaba za mashinani, hadi ikawa na matawi kama 60 kote nchini. Ni shirika hilo lililoanzisha maktaba ya ngamia kule Garissa mwaka 1996, vitabu vikipelekewa jamii za wafugaji badala ya kungoja wafugaji waje mjini. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, ilitakiwa maktaba hizi ziende kwa magavana. Majengo ni rahisi kuhamisha. Shida ilikuwa watu. Nani alipe mishahara ya wakutubi, wale waliokuwa wameajiriwa na shirika la kitaifa? Nani alipe pensheni yao? Mvutano huo uliendelea kwa miaka, na wakati fahali wawili wanapigana unajua ni nyasi gani zilizoumia. Rafu za vitabu hazikujazwa upya.

Nairobi ina hadithi yake tofauti kidogo, na tungependa tukae nayo kwa sababu inaonyesha kila kitu. Unalijua lile jengo lenye sanamu za simba karibu na Msikiti wa Jamia. Ni Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Lady Lucie McMillan aliijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, Sir Northrup McMillan, na ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma hadi 1958, baraza la jiji lilipoichukua. Maktaba hiyo ina matawi mawili madogo Eastlands, moja Makadara na jingine Kaloleni.

Kaloleni ni mtaa uliojengwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Ukumbi wake wa kijamii una jina kubwa katika historia ya siasa, maana waliopigania uhuru walikuwa wakikutana na kuhutubu pale. Maktaba ya mtaa huo ni ndogo. Ukiwa na haraka unaweza kuipita bila kuiona. Kama tawi la Makadara, ilichakaa kwa miaka chini ya serikali ya jiji, na baadaye chini ya kaunti. Kilichoiokoa si bajeti ya City Hall. Walijitokeza wanawake wawili, mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka, wakaanzisha shirika la Book Bunk mwaka 2017, na mwaka uliofuata wakaafikiana na kaunti wazifufue McMillan na matawi yake yote mawili. Pesa walitafuta kwa wahisani. Kaloleni na Makadara zikakarabatiwa na kufunguliwa tena, zikiwa na rangi, mwanga na vitabu vya watoto wa Kiafrika.

Ni kazi nzuri na tunaipongeza bila kusita. Lakini hebu tuulize swali ambalo siku ya sherehe huwa hakuna anayeliuliza. Ikiwa mali ni ya kaunti, jukumu ni la kaunti kwa mujibu wa Katiba, na wanaolipa ushuru ni wakazi wa kaunti, mbona uhai wa maktaba utegemee barua ya kuomba msaada iliyoandikwa na watu wawili wenye moyo? Siku watakapochoka, au mhisani atakapoamua kwamba mwaka huu anataka kupanda miti, itakuwaje?

Wacha tupige hesabu, maana suala hili linajadiliwa sana kwa maneno matamu na kidogo sana kwa nambari. Hii ni hesabu yetu ya mfano, si ya maktaba yoyote iliyopo. Chukua maktaba ndogo ya mtaa, chumba kimoja kikubwa na kingine kidogo cha watoto. Mpe mkutubi Sh50,000 kwa mwezi na msaidizi wake Sh30,000. Mlinzi wa usiku Sh20,000. Stima na maji Sh10,000. Intaneti Sh6,000. Magazeti matatu kila siku kwa Sh60 kila moja, hiyo ni Sh5,400 kwa mwezi. Vitabu vipya 30 kwa Sh700 kila kimoja, Sh21,000. Weka Sh7,600 za kurekebisha bomba lililopasuka na kiti kilichovunjika. Jumla ni Sh150,000 kwa mwezi, yaani Sh1.8 milioni kwa mwaka.

Unaweza kubishana nasi kuhusu mshahara wa mkutubi, na wakutubi wenyewe watasema tumewapunja. Ongeza basi. Hata ukiongeza nusu nzima, bado hujafika bei ya gari jipya la afisa mkuu. Gari moja la Sh9 milioni lingeendesha maktaba yetu ya mfano kwa miaka mitano. Bajeti ya Kaunti ya Nairobi kwa mwaka hupita Sh40 bilioni. Katika kila Sh1,000 za bajeti hiyo, maktaba moja kama hii ingekula senti nne na nusu. Na ukitaka kuweka moja katika kila wadi, wadi zote 85, utahitaji Sh153 milioni kwa mwaka, ambazo hazifiki hata shilingi nne katika kila Sh1,000.

Kwa hivyo tusidanganyane kwamba pesa hazipo. Ni kweli kaunti zina dhiki zake. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipoondolewa baada ya maandamano ambayo wengi wenu mlikuwamo, mgao wa kaunti ulipunguzwa kutoka Sh400 bilioni hadi Sh387 bilioni. Na hata huo mgao huja kwa kuchelewa, mwezi wa tatu ukipokea pesa za mwezi wa kwanza. Zikifika, mishahara inalipwa, wakandarasi wenye madeni ya zamani wako mlangoni, wahudumu wa afya wametoa ilani ya mgomo. Maktaba haigomi. Haina chama cha wafanyakazi kinachotisha mtu. Lakini mgao wa 2025/26 ulipandishwa hadi Sh415 bilioni, na hatukusikia mkutubi yeyote akishangilia.

Kuna watakaosema basi wasomaji wachangie, shilingi 20 kwa siku si pesa. Tumesikia hoja hii mara nyingi, na mara nyingi inatoka kwa mtu anayekunywa kahawa ya Sh300. Haya, tuifuate. Watu 60 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, shilingi 20 kila mmoja: Sh31,200. Ni kama sehemu moja ya tano ya gharama. Ukitaka ada pekee ilipie kila kitu, itabidi kila anayeingia atoe Sh96, na hapo umeshafungua saiba, si maktaba. Isitoshe, watu hawatabaki 60. Wa kwanza kukosa kuja ni yule mtoto wa chumba kimoja ambaye maktaba ilijengwa kwa ajili yake.

Halafu kuna jambo ambalo wapenzi wa ada huwa hawalijui. Kifungu cha 207 cha Katiba kinasema pesa zote ambazo kaunti inakusanya ziingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile ambazo sheria imezitenga. Maana yake ni kwamba ile shilingi 20 yako hainunui balbu ya maktaba uliyoketi ndani yake. Inapelekwa kwenye kapu kubwa, na kurudi ni majaliwa. Hospitali za umma zilikuwa na tatizo hili hili, ndiyo maana Bunge likapitisha mwaka 2023 sheria ya kuziruhusu kubaki na pesa wanazokusanya. Maktaba hazina sheria kama hiyo. Kwa hivyo anayetetea ada mlangoni anatetea kumtoza kijana maskini ili kuchangia bajeti ya jumla ya kaunti, wala hajui.

Kiini cha tatizo kiko mahali pengine, na kinachosha kidogo kukieleza, lakini vumilia. Bajeti ya kaunti ina pande mbili. Kuna matumizi ya maendeleo, yaani kujenga na kununua vitu vya kudumu, na kuna matumizi ya kawaida, yaani mishahara, stima, karatasi, matengenezo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Kanuni zake za 2015 nazo zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Ni sheria nzuri, zilikusudiwa kuwazuia magavana kuajiri jamaa zao wote. Lakini angalia zinavyoiumiza maktaba. Kujenga jengo la maktaba ni maendeleo: kuna zabuni, kuna mkandarasi, kuna kukata utepe, kuna picha. Kumwajiri mkutubi ni matumizi ya kawaida, na kaunti nyingi tayari zimepita kile kikomo cha mishahara. Matokeo yake ni kwamba ni rahisi kwa kaunti kujenga maktaba mpya kuliko kuwasha taa katika ile iliyopo. Tuna siasa ya utepe. Diwani hawezi kusimama kwenye mkutano wa kampeni akasema, "Mimi ndimi niliyelipa bili ya intaneti." Angalau hajaanza kusema hivyo bado.

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita tajiri mmoja wa Marekani, Andrew Carnegie, aliliona tatizo hili mapema. Alitoa pesa za kujenga maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi mbalimbali, lakini hakuwa mjinga. Mji uliotaka jengo ulipaswa kwanza kutoa kiwanja na kuahidi kutenga kila mwaka, kutoka kwa ushuru wake wenyewe, asilimia 10 ya pesa alizotoa. Ukipewa Sh20 milioni, unaahidi Sh2 milioni kila mwaka za kuiendesha. Linganisha na ile Sh1.8 milioni yetu ya hapo juu. Carnegie alikuwa na mambo yake mengine, wafanyakazi wa viwanda vyake walimjua upande wa pili, lakini kanuni hiyo ya asilimia 10 tungependa kuiona kwenye kila mkataba wa kujenga maktaba nchini. Kama kaunti haiko tayari kuandika nani atalipa stima, isipewe ruhusa ya kumwaga saruji.

Tuguse pia vitabu vya msaada, ingawa tunajua tutaonekana watu wasio na shukrani. Kuna mashirika yanayofanya kazi hii kwa uangalifu, yanauliza kwanza maktaba inahitaji nini. Lakini kuna pia ile mizigo inayokuja kwa sababu mtu fulani ng'ambo alikuwa anasafisha dari yake. Unafungua katoni unakuta mwongozo wa programu ya kompyuta ambayo haipo tena, vitabu vya sheria za ushuru za nchi nyingine, na hadithi za watoto wakicheza na theluji. Mkutubi hawezi kukataa, maana rafu tupu zinamtia aibu kuliko rafu zilizojaa takataka. Wakati huo huo vitabu ambavyo watu wanaviomba, vile vya fasihi vinavyotahiniwa KCSE, riwaya za Kiswahili, vitabu vya ufundi na vya biashara ndogo, havimo. Hivyo havitolewi msaada. Hivyo vinanunuliwa, dukani, kwa pesa. Na hapo serikali kuu nayo inasimama mlangoni: tangu Sheria ya VAT ya 2013, vitabu vinatozwa ushuru wa asilimia 16. Katika zile Sh21,000 zetu za vitabu, karibu Sh2,900 zinarudi kwa serikali. Ni vitabu vinne kati ya 30. Maktaba ya umma inailipa serikali ushuru kwa kosa la kununua vitabu vya umma.

Kuna swali ambalo wewe msomaji labda umekuwa ukingoja tulifikie. Mbona tupoteze pesa kwa maktaba na kila mtu ana simu? Tunaelewa. Lakini simu inataka bando, na bando linaisha. Simu ya inchi sita si mahali pa kuandika barua ya kuomba kazi wala kusoma kurasa 200 za biolojia. Zaidi ya yote, simu haikupi meza wala utulivu, na tukisema ukweli, simu ndiyo adui namba moja wa utulivu. Serikali ya kitaifa yenyewe inajua haitoshi, ndiyo maana ikaahidi vituo 1,450 vya kidijitali, kimoja kila wadi, na vituo 25,000 vya waifai ya bure. Sisi tunauliza jambo dogo tu. Mahali ambapo maktaba ipo, mbona kituo hicho kisiwekwe ndani yake? Jengo lipo, mlinzi yupo, vyoo vipo. Badala yake utaona kontena jipya limepakwa rangi upande mmoja wa barabara na maktaba inayozeeka upande wa pili, kila mmoja akilipiwa, au asilipiwe, na ofisi yake.

Lile swali jingine, la hospitali isiyo na dawa, ni zito zaidi. Hatutasema kitabu ni muhimu kuliko dawa ya mtoto mgonjwa. Tunachosema ni kwamba tangu lini pesa iliyonyimwa maktaba ikaonekana kwenye duka la dawa la hospitali? Hoja ya hospitali hutolewa maktaba inapoomba Sh1.8 milioni. Haitolewi wakati wa safari za kwenda kujifunza ng'ambo, wala wakati wa kununua viti vipya vya ofisi.

Turudi basi kwenye ile orodha ya Katiba. Kaunti zinakusanya ada za leseni za pombe kila mwaka, kutoka kwa kila baa, kila duka la mvinyo, kila klabu. Ushuru wa kamari nao, ambao unachukuliwa na serikali ya kitaifa, umekuwa ukiingia katika hazina ya michezo, sanaa na maendeleo ya jamii iliyoundwa 2018. Wanaochangia pesa hizo kwa wingi ni akina nani? Ni vijana wa mtaa. Ni wewe na wenzako Jumamosi jioni, mkiwa na mkeka wa mechi nane na chupa mbili. Maoni yetu ni kwamba bunge la kaunti litunge sheria ya kutenga sehemu ya ada za leseni za pombe, hata kama ni shilingi tano katika kila mia, iende moja kwa moja kwa uendeshaji wa maktaba za wadi, isiguswe na yeyote. Baa tayari ziko kila kona. Zikilipia taa ya mahali pa kusoma, hatuoni atakayeumia. Wenye baa watalalamika, bila shaka, lakini hata wao wana watoto wanaotafuta mahali pa kusomea.

Hii haitatokea kwa sababu tahariri imeandikwa. Bajeti ya kaunti ina tarehe zake, na tarehe hizo ndizo siri ambayo wengi wetu hatuambiwi. Kufikia Septemba 1 mpango wa maendeleo wa mwaka unapaswa kuwa mbele ya bunge la kaunti. Kufikia Februari 28, waraka wa mkakati wa fedha, ambao ndio unaoamua kila idara itapata kiasi gani. Kufikia Aprili 30, makadirio yenyewe. Juni 30 mambo yamekwisha. Ukienda kulalamika Julai, utasikilizwa kwa heshima zote na uambiwe ungoje mwaka ujao. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi, lakini hakikulazimishi wewe kufika. Na ukweli ni kwamba kwenye vikao hivyo wanaofika ni wazee wachache, wenye tenda, na vijana walioletwa kwa lori kupiga makofi. Swali la maktaba haliulizwi kwa sababu wanaoitumia wako maktaba, wanasoma.

Ukifika, usiulize, "Mheshimiwa, mna mpango gani na maktaba?" Hilo ni swali la kupewa hotuba. Uliza pesa za mkutubi ziko ukurasa gani wa makadirio, chini ya idara gani, na ni kiasi gani. Uliza mwaka uliopita zilitengwa ngapi na zikatolewa ngapi, maana kutenga na kutoa ni mambo mawili. Uliza nani analipa stima. Kama jibu ni kwamba hakuna mstari wa maktaba kwenye bajeti, omba jibu hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Na kama huwezi kufika, maoni ya maandishi yanakubaliwa. Karatasi moja inatosha, majina na sahihi za wanaotumia maktaba hiyo chini yake. Ipeleke kwa karani wa bunge la kaunti kabla ya Aprili kuisha, na usiondoke bila nakala yako kupigwa muhuri wenye tarehe.